Barua ya mfalme wa Babeli, na swali lako

Iringa,
Jumapili usiku.

Kwako rafiki yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Dar es Salaam, wewe na Baba Watoto na wanao wote. Sisi huku wazima, ila baridi. Nimefunga dirisha, nimejitanda kitenge mabegani, na bado vidole vinagoma kushika kalamu, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka tu, maana nyuma yako ilisikika jumuiya nzima ikibishana kama Nebukadneza, yule mfalme wa Babeli, alimkiri Mungu kweli: mzee anasema Nebukadneza yuko mbinguni, mama mmoja anamjibu kwamba aliyechoma hekalu hawezi kusafishwa na sura moja ya Danieli. Halafu wewe ukapaza sauti, "Subirini, nina mtu wangu Iringa amesoma theolojia." Mwenzangu, umenitwisha mzigo. Nilijaribu kukujibu kwa sauti, dakika saba zikaisha sijafika hata kwenye ndoto. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Na barua inafaa zaidi, kwa sababu hiyo sura ya nne mnayogombania nayo ni barua. Ifungue uone. Anajitaja mwandishi, Nebukadneza mfalme. Anawataja anaowaandikia, watu wa kabila zote na taifa zote na lugha zote. Anawatakia amani iongezeke kwao. Kisha, kama tulivyofundishwa darasani kuandika "dhumuni la barua hii", anasema ameona vema kuwatangazia ishara na maajabu ambayo Mungu Aliye Juu amemtendea. Mwalimu wetu wa Kiswahili angempa alama zote za muundo.

Kuna jambo dogo hapo linalonifurahisha kila nikilisoma. Kitabu cha Danieli, tangu katikati ya mstari wa nne wa sura ya pili hadi mwisho wa sura ya saba, hakikuandikwa kwa Kiebrania bali kwa Kiaramu, lugha ya maofisi na biashara ya dola zile. Neno "amani" katika salamu ya mfalme ni shelam, ndugu wa damu wa salaam ya Kiarabu, ile iliyotupa sisi "salamu". Basi mimi na mfalme wa Babeli tumeanza barua zetu kwa neno moja.

Sasa huyu anayetakia watu amani ni nani? Hapo yule mama wenu ana haki ya kukasirika, nami ningeanza kwa kumpa hiyo haki yake. Nebukadneza alitawala tangu mwaka 605 hadi 562 kabla ya Kristo. Mwaka 597 aliingia Yerusalemu akamchukua mfalme Yekonia na mafundi na wakuu. Sedekia, aliyemweka yeye mwenyewe kitini, alipoasi, jeshi lilirudi likauzingira mji mpaka njaa ikawashinda watu, na mwaka 586 hekalu likateketezwa. Sedekia alikimbia usiku akakamatwa kwenye nchi tambarare ya Yeriko. Soma mwisho wa kitabu cha pili cha Wafalme, lakini usisome kabla ya kulala. Wanawe walichinjwa mbele ya macho yake, kisha hayo macho yenyewe yakang'olewa, ili kitu cha mwisho alichokiona duniani kiwe hicho. Akafungwa pingu za shaba, akapelekwa Babeli.

Watu waliotendwa hivyo ndio walioitunza barua hii na kuiweka katika Maandiko yao. Kila wakati nahubiriwa Danieli nne kama hadithi ya mtu mwenye kiburi aliyekula majani, watoto wanacheka, basi. Sisikii mtu akijiuliza ilikuwaje mjukuu wa mateka asome kwa sauti, mbele ya wazee wake, maneno ya mchoma hekalu akimsifu Mungu wa hekalu lile. Mimi ningetetemeka mdomo.

Lakini swali lenu ni kama alimkiri Mungu kweli. Naomba uwaongoze wenzako wasianzie sura ya nne. Warudi nyuma, wafuatilie anavyosema, hasa kile kineno kinachoonyesha Mungu ni wa nani.

Katika sura ya pili, Danieli, kijana wa Kiyahudi aliyetekwa, anamfunulia ndoto ya sanamu yenye kichwa cha dhahabu. Mfalme anaanguka kifudifudi na kusema Mungu "wenu" ni Mungu wa miungu na Bwana wa wafalme. Maneno makubwa! Ila ameanguka mbele ya Danieli, na anaamuru Danieli atolewe sadaka na uvumba. Amevutiwa, kama mtu anavyovutiwa na mganga aliyempatia. Sura ya tatu inafungua, huyo huyo kasimamisha sanamu ya dhahabu yenye urefu wa dhiraa 60 katika uwanda wa Dura, na asiyeinama anatupwa tanuruni. Vijana watatu wanatoka salama, hata harufu ya moto hawana. Hapo anakiri tena: hakuna mungu mwingine awezaye kuokoa namna hii. Safari hii Mungu ni wa Shadraka, Meshaki na Abednego. Na sikiliza anavyoendelea: atakayenena neno baya juu ya Mungu huyo atakatwa vipande vipande na nyumba yake ifanywe jaa. Huyo mfalme hata akisifu lazima mtu afe! Tanuru lile lile, amebadilisha tu wa kutupwa.

Ndipo inakuja barua. Isome yote, mstari wa kwanza hadi wa thelathini na saba. Hakuna amri ya kumtisha mtu. Hakuna kukata mtu vipande, hakuna jaa, hakuna anayeambiwa asujudu. Wa kuaibishwa ni mmoja tu, naye ndiye mwenye kalamu. Na Mungu si wenu tena wala si wa Shadraka na wenzake. Anasema, "aliyonitendea mimi". Kwangu mimi jibu lenu lina mizizi hapo, nalo nililiona siku moja nikiwa napiga pasi, si chuoni.

Ndoto yenyewe mnaijua. Mti katikati ya dunia, kimo chake kimefika mbinguni, wanyama wamepumzika kivulini, ndege wamejaa matawini. Anashuka mlinzi, mtakatifu, anapiga kelele: ukateni. Kisiki kibakizwe ardhini kikiwa na pingu ya chuma na shaba, kiloweshwe na umande, kipewe moyo wa mnyama mpaka nyakati saba zipite. Hiyo shaba inanirudisha kwa Sedekia kila mara. Mtoto wa mateka aliyesikia habari ya pingu ya shaba, sidhani kama aliwaza miti.

Anavyoipokea Danieli ndiko ninakopenda kukaa. Anaelewa mara moja, kisha anashikwa na bumbuazi kitambo kizima, mawazo yanamfadhaisha. Mfalme ndiye anayembembeleza: usifadhaike, sema. Naye anajibu kwamba laiti ndoto hii ingekuwa ya adui zako. Mwenzangu! Huyu ni kijana aliyetolewa kwao, akabadilishwa hata jina, mji wake umechomwa. Ameletewa habari kwamba mwenye kuuchoma atafukuzwa akaishi porini, na anahuzunika. Mimi ningeomba ruhusa nitoke nje kidogo nikapige vigelegele. Labda alikuwa ameshika ushauri wa barua nyingine, ile Yeremia aliyowapelekea mateka Babeli, iliyochukuliwa na wajumbe wa Sedekia mwenyewe waliokuwa wakienda kwa Nebukadneza: utafuteni amani ya mji huo, mkauombee. Barua moja iliingia Babeli na amani, na baada ya miaka nyingine ikatoka na amani.

Kisha anampa mfalme shauri. Hamwambii avunje sanamu, wala atahiriwe, wala aende Yerusalemu. Anamwambia aache dhambi zake kwa kutenda haki, na maovu yake kwa kuwahurumia maskini. Neno la "haki" pale kwa Kiaramu ni tsidka, na masikio yako ya Kiswahili yameshalitambua: ni jamaa wa sadaka. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki zamani wakaliandika kabisa kama sadaka kwa maskini. Mji ule ulijengwa pia kwa mikono ya watu waliohamishwa na waliotumikishwa, na Danieli anagusa hapo hapo, kwa heshima, kwa neno moja.

Ikapita miezi 12. Biblia haisemi alifanya nini katika miezi hiyo, na kimya hicho kinanitosha. Akapanda juu ya jumba lake, akatazama chini, akasema: Je, huu si Babeli mkubwa, nilioujenga mimi, kwa uwezo wa nguvu zangu, uwe utukufu wa enzi yangu?

Na kwa kweli alikuwa ameujenga. Hakuwa anadanganya, ndilo linalouma. Wajerumani wakiongozwa na Robert Koldewey walichimba huko tangu 1899 hadi 1917, karibu na mji wa Hilla katika Iraki ya leo, wakakuta matofali yasiyohesabika yamepigwa muhuri wa jina lake: Nebukadneza, mfalme wa Babeli, mtunzaji wa Esagila na Ezida, mwana mkubwa wa Nabopolassar. Esagila na Ezida ni mahekalu ya Marduki na Nabu, miungu ya Babeli. Lango la Ishtari, lenye vigae vya buluu na wanyama, lilijengwa upya kwa mabaki yake, nalo liko katika jumba la makumbusho Berlin. Basi aliyesimama juu ya paa akasema "nimejenga mimi" alikuwa ameliandika hilo kwenye tofali moja moja. Na ugonjwa huo haukuishia kwake. Miaka ya 1980 Saddam Hussein alijenga upya kuta juu ya magofu hayo hayo, na matofali yake nayo akayapiga jina lake.

Unajua nilikumbuka nini? Darasa la tano, tulipokuwa tukifyatua matofali ya darasa jipya. Sisi wawili tulibeba maji toka mtoni asubuhi nzima, halafu ukachukua njiti ukaandika jina lako kwenye tofali bichi, nami nikaandika langu chini yake. Tulijiona tumejenga shule! Matofali maelfu, yetu moja, na udongo wenyewe ulichimbwa na baba wa wengine. Mwezi wa sita nilipita pale. Lipu imebanduka upande wa magharibi, nikainama kama mwizi natafuta. La kwetu sikuliona. Niliona la mtu mwingine, kaandika jina nusu, nadhani mwalimu alimkuta.

Turudi paani. Neno lingali kinywani, sauti ikatoka mbinguni, ufalme umeondoka kwako. Na saa ile ile akafukuzwa mbali na wanadamu, akala majani kama ng'ombe, mwili ukalowa umande, nywele zikawa kama manyoya ya tai na kucha kama za ndege. Wenzako waangalie vizuri hapa, kwa sababu barua inafanya kitu cha ajabu. Mwanzoni anasema "mimi, nilikuwa nimestarehe nyumbani mwangu". Tangu Danieli anapoifasiri ndoto mpaka kwenye wazimu, "mimi" inapotea. Mtu mwingine ndiye anayesimulia: mfalme akafukuzwa, mwili wake ukalowa. Anarudi kujisemea mstari wa thelathini na nne tu, akili zinaporudi. Wanachuo wengine watakwambia ni alama ya kuunganishwa kwa masimulizi, na huenda hivyo. Mimi namwona mtu ambaye kwa muda ule hakuwa na "mimi" ya kusemea.

Na kilichomrudisha ni nini? Si dawa, si waganga wake wote walioshindwa na ndoto. Anasema, niliinua macho yangu kuelekea mbinguni, fahamu zangu zikanirudia. Macho. Yule aliyemng'oa Sedekia macho anaokolewa na ya kwake. Nilipoliona hilo niliweka Biblia chini nikatoka nje nikafagia uwanja, na ulikuwa umeshafagiliwa.

Sasa yule mama akikuuliza, na lazima atauliza: mbona katika barua hiyo hiyo, mstari wa nane, akimtaja Danieli kama Belteshaza, anasema ni kwa jina la "mungu wangu"? Anamaanisha Beli, yaani Marduki, mungu mkuu wa Babeli. Ameshapona, ameshamsifu Aliye Juu, na bado Beli ni mungu wangu. Na anasema Danieli ana roho ya miungu watakatifu. Mwambie ameona vizuri. Usimfunike. Mwandishi wa kitabu angeweza kuisafisha barua, akampa mfalme sala ya toba iliyonyooka kama ya Mlutheri aliyepata kipaimara. Hakumsafisha. Amemwacha na ulimi wake wa Kibabeli, na kwa ulimi huo huo anasema Aliye Juu anafanya apendavyo katika jeshi la mbinguni na kati ya wakaao duniani, wala hakuna awezaye kuuzuia mkono wake. Mzee wenu anataka kumwingiza mbinguni, mama anataka kumfungia mlango. Kitabu kinamwacha hapo hapo na sentensi yake, nami ningemwacha hapo.

Kama atatokea wa kusema wafalme walikuwa wakisifu miungu ya kila mtu kwa siasa tu, anayo hoja, lakini hoja hiyo inamfaa zaidi Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeiteka Babeli baadaye. Kitabu cha Ezra kinaanza na tangazo lake kwamba BWANA, Mungu wa mbinguni, ndiye aliyempa falme zote na kumwagiza amjengee nyumba Yerusalemu. Maneno matamu, na Wayahudi wakarudi kweli. Lakini mwaka 1879 ulichimbuliwa Babeli mcheduara wa udongo wenye maandishi ya Koreshi huyo huyo, leo uko London, na mle anatangaza kwamba Marduki ndiye aliyemchagua na kumshika mkono. Kila watu aliwapa mungu wao. Isaya alilijua hilo bila kuona mcheduara wowote. Sura ya arobaini na tano Mungu anamwita Koreshi kwa jina, na kumwambia waziwazi, ingawa hukunijua. Dario naye katika sura ya sita, baada ya simba, anatoa amri watu wote watetemeke mbele za Mungu wa Danieli. Amri tena. Ukiwapanga hao watatu, Nebukadneza ndiye pekee anayesimulia aibu yake mwenyewe, na sijapata kumwona mwanasiasa anayeitumia aibu yake kujipatia kura.

Yule kijana wa chuo aliyesema hadithi hii ilikuwa ya mfalme mwingine, usimnyamazishe. Katika mapango ya Kumrani, kwenye Bahari ya Chumvi, kulipatikana vipande vya sala ya Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, kwa Kiaramu vilevile: aliugua jipu baya miaka saba huko Tema, Arabuni, akiomba miungu ya fedha na dhahabu, mpaka Myahudi mmoja akamwelekeza amtukuze Mungu Aliye Juu. Na Nabonido wa historia alikaa kweli Tema miaka kama 10, ameuacha mji wake. Wanachuo wengi wanaona masimulizi hayo mawili yana undugu. Mwachieni aseme, kisha mmpe chai.

Jambo la mwisho, halafu nilale. Geuza ukurasa. Belshaza, ambaye kitabu kinamwita mwana wa Nebukadneza, anakunywa divai kwa vyombo vya hekalu, mkono unaandika ukutani, na Danieli, mzee sasa, anamsimulia habari ile ile ya majani na umande, kisha anamwambia: nawe ulijua hayo yote. Barua iliandikwa kwa kabila zote na lugha zote za dunia, na wa nyumbani mwake hakuifungua.

Siku ya jumuiya, mpe yule mama asome barua kwa sauti, yote, yeye mwenyewe, atamke hiyo "mimi". Mzee asikilize tu. Kisha uniambie ilikuwaje, lakini usipige Jumatano, nina zamu ya kuangalia wagonjwa na mama mkwe yuko kwangu.

Mahindi nimekuwekea debe moja na nusu. Atakayekuja huku amwone Baba Watoto wangu pale gereji, siyo nyumbani, mbwa ana watoto na amekuwa mkali.

Nisalimie wote.

Ni mimi rafiki yako wa tofali.